Kijito na Kamuto: Maana na Historia ya Neno

Katika Kiswahili sanifu, mto mdogo huitwa kijito. Shina la neno hilo ni -to, lile lile lililomo katika mto. Kwa kuwa shina lina silabi moja tu, kiambishi ki- hakitoshi. Huongezwa -ji-, kama mti unavyozaa kijiti. Hata kijiji kimetokana na mji kwa njia hiyo.

Udogo wa kijito ni wa kulinganisha. Maji yanayoitwa kijito karibu na Lualaba yangeweza kuitwa mto katika nchi kame. Tena, neno hudumu hata pale maji yanaposahauliwa: Kijitonyama ni mtaa wa Dar es Salaam, na Kijitoupele uko Unguja.

Katanga neno limechukua njia nyingine. Mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na kuitwa Lubumbashi tangu 1966, ulikusanya wafanyakazi wa migodi waliozungumza lugha nyingi, zikiwemo Kiluba na Kibemba. Lugha hizo zimehifadhi ngeli ya kale ya Kibantu, ka-/tu-, ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii kwa kuonyesha udogo. Ndiyo maana katika Kiswahili cha Lubumbashi nyumba ndogo ni kanyumba. Na kwa kanuni hiyo hiyo, muto mdogo ni kamuto.

Mwalimu anayesahihisha kamuto katika mtihani wa Kiswahili sanifu anatimiza wajibu wake. Lakini akimwambia mwanafunzi kwamba hajui lugha, anamdhulumu. Mwanafunzi huyo amefuata kanuni. Ila kanuni yenyewe imetoka bara, si pwani. Afundishwe kijito bila kuonewa haya kwa kamuto.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika katika majina ya mito. Si kila Ka- ni alama ya udogo. Mto Lubumbashi, uliotoa jina la mji, humwaga maji yake katika Kafubu, nayo Kafubu huelekea Luapula. Kafue, nchini Zambia, ni mto mkubwa kabisa. Jina la mto huchunguzwa kwanza katika lugha ya waliolitoa, ndipo maana yake isemwe.

Kwa hiyo kijito na kamuto si neno sahihi na neno lililoharibika. Ni njia mbili za Kibantu za kusema jambo moja, na kila moja inaeleza wasemaji wake walikotoka.