Upatanifu na Utangamano: Funzo la Reli kwa Wafasiri wa Istilahi za Mitambo

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa nyaraka za kiufundi ni ile ya uwezo wa mitambo iliyoundwa na watengenezaji mbalimbali kufanya kazi pamoja. Mtu anayekusudia kuweka mtaji wake katika kiwanda huko Zegereni, Kibaha, atahitaji kompyuta za kutunza hesabu za uzalishaji, mauzo na mishahara, pamoja na mtandao wa kuziunganisha kompyuta hizo na hifadhi ya data. Wauzaji watamletea zabuni zao, na kila mmoja atasema kwamba swichi zake zinapatana na za wenzake. Je, kauli hiyo ina maana gani hasa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu limo katika historia ya reli zipitazo Kibaha na Kisarawe.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Tanga mwaka 1893, na Reli ya Kati mwaka 1905. Hii ya pili ilifika Kigoma mwaka 1914. Zote mbili zilikuwa na upana wa milimita 1000. Kwa hiyo njia ya kuziunganisha kutoka Ruvu hadi Mnyusi ilipofunguliwa mwaka 1963, behewa liliweza kutoka reli moja na kuingia nyingine bila ya kupakuliwa.

Haikuwa hivyo kwa TAZARA, reli ipitayo Kisarawe, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hiyo ilipewa upana wa milimita 1067 ili ilingane na reli za Zambia, na sababu yake ilikuwa nzito: Zambia ilihitaji njia ya kusafirishia shaba yake isiyopita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi. Hata hivyo, kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa la TAZARA haliwezi kupita katika Reli ya Kati. Kule Kidatu, ambako reli hizo mbili hukutana, shehena hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Hebu sasa tuyaangalie majina. Reli ya Kati iliitwa kwa mahali ipitapo. TAZARA iliitwa Reli ya Uhuru kwa sifa ya madhumuni yake. Ile ya milimita 1435, ipitayo Soga na Ruvu, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, imeitwa Reli ya Kisasa kwa umri wake. Ni majina mazuri, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini hakuna hata moja linalomwambia mwenye shehena kama behewa lake litapita.

Tena, kulingana kwa upana si mwisho wa maneno. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, nayo ina upana wa milimita 1435. Lakini ilijengwa kwa viwango vya Kichina na kutumia vichwa vya treni vya dizeli, ilhali hii ya Tanzania hutumia umeme. Magurudumu yangekaa sawasawa juu ya reli ya jirani, lakini kichwa cha treni cha umeme kisingesogea hata hatua moja pasipo na nyaya za umeme.

Hali kama hiyo imewahi kutokea katika mitandao ya hifadhi ya data. Kiwango kiitwacho Fibre Channel kilipitishwa nchini Marekani mwaka 1994. Swichi za Brocade na za McDATA zote zilikifuata, na waya ziliingia vizuri katika matundu yake. Pamoja na hayo, ili zifanye kazi katika mtandao mmoja, zilipaswa kuwekwa katika hali maalumu ambamo baadhi ya uwezo wa kila moja ulizimwa. Brocade iliinunua McDATA mwaka 2007, nayo ikanunuliwa na Broadcom mwaka 2017. Mnunuzi aliyefungwa kwa mtengenezaji mmoja hufuata mahali mtengenezaji huyo anakopelekwa na soko. Kwa mwenye mtaji, basi, bei ya kununua ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni gharama ya kuhama.

Kwa maoni yetu, dhana hizi mbili zisibebwe na neno moja. "Upatanifu" libaki kuwa istilahi ya vitu kulingana vipimo na kuingiana: reli na gurudumu, waya na tundu. "Utangamano wa utendaji" litumike pale ambapo mitambo ya watengenezaji wawili hutenda kazi moja bila ya kupoteza uwezo wake. Huenda wengine wakasema kwamba "utangamano" limekwisha kuzoeleka katika mambo ya jamii na ya siasa. Ndiyo maana tumeliongezea kijalizo cha "utendaji".

Afisa atakayeandika zabuni kwa Kiswahili akidai "upatanifu" peke yake, atapewa upatanifu peke yake, na muuzaji hatakuwa amevunja mkataba. Kosa hilo litakuwa la neno, lakini gharama yake italipwa kwa fedha, kama inavyolipwa hadi leo kila shehena ihamishwapo Kidatu.