Barua Zilizolala Kwenye Kompyuta ya Zamani: Zilifikaje Humo na Tunazitoaje

Leo tunaweka jembe pembeni kidogo tuzungumzie kompyuta. Msishangae, maana suala lenyewe limeanzia kwenye iliki.

Mfanyabiashara mmoja wa viungo huku Amani alinijia na kompyuta ya mezani aliyoifunga kwenye shuka, kaibeba kwenye bodaboda. Akasema, "Bwana shamba, humu ndani kuna barua zangu zote za iliki, na hazifunguki." Miaka ya nyuma alikuwa akikusanya iliki kwa wakulima na kumuuzia mnunuzi wa nje ya nchi. Bei, uzito na kiwango cha unyevu waliandikiana kwa barua pepe. Sasa mzee mmoja aliyempa magunia manne amefariki, na watoto wake wamekuta kwenye daftari la baba yao kwamba gunia moja halikulipwa. Mfanyabiashara anasema alilipa yote. Risiti za karatasi zililiwa na mchwa. Ushahidi uliobaki umo ndani ya kompyuta ambayo programu yake ya barua haipo tena.

Najua si yeye peke yake. Vikundi vingi na maduka mengi yana kompyuta kama hiyo chini ya meza. Ili tujue namna ya kuzitoa barua hizo, inatupasa kwanza tujue zilifikaje humo.

Barua pepe ilivyotufikia

Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa haba. Kwa hiyo wakati wenzetu wa nje wanaanza kuandikiana kwa kompyuta, hapa kwetu barua ilikuwa ya bahasha na stempu, na jambo la haraka lilikwenda kwa simu ya upepo au simu ya kuzungusha.

Njia za mwanzo za barua pepe katika Afrika Mashariki zilipita kwa watu wa afya, vyuo vikuu na mashirika ya hiari. Januari 1990 setelaiti ndogo iitwayo UoSAT-3, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilirushwa angani. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown wa Marekani, liliitumia kupeleka barua na habari za kitabibu kwa madaktari wa nchi zenye simu mbovu, Tanzania ikiwamo. Setelaiti hiyo ilizunguka dunia kwa muda wa dakika 100 hivi. Ikipita juu yako unaitupia barua, inaibeba, na ikipita juu ya mwenzako inamshushia. Ni sawa na dereva wa basi la Muheza anayepewa bahasha asubuhi na kuikabidhi stendi jioni.

Njia nyingine ilikuwa FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984. Kompyuta moja iliipigia nyingine kwa laini ya simu, mara nyingi usiku ambapo simu ni nafuu, zikabadilishana mafurushi ya barua kisha zikakata. Hakuna aliyekaa hewani siku nzima. Uliandika barua yako kwa utulivu, ukaiweka kwenye foleni, ikaondoka muda wa kupiga ulipofika.

Utaratibu huo ulibaki hata intaneti ya kawaida ilipoingia mijini katikati ya miaka ya 1990. Ulipiga kwa modemu, inalia kama kuku aliyebanwa, na kila dakika ina bei yake. Mtu mwenye akili aliunganisha, akavuta barua zote mara moja, akakata, kisha akasoma bila gharama. Njia ya kuvuta barua hivyo inaitwa POP3. Kwa kawaida yake, barua ikishashuka kwenye kompyuta yako, inafutwa kule ilikotoka. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo letu. Barua za miaka ile mara nyingi hazipo mahali pengine popote. Nakala pekee ni ile iliyo kwenye diski yako.

Programu zilikuja, zikaondoka

Programu za kusomea barua zilikuwa nyingi. Eudora iliandikwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Pegasus Mail ya David Harris wa New Zealand ilitoka mwaka 1990, ikapendwa kwa sababu ilikuwa ya bure. Lakini iliyoenea kuliko zote kwenye maofisa na madukani ni Outlook Express ya Microsoft, iliyotoka kwa jina hilo mwaka 1997 na kuja ndani ya Windows. Ukinunua kompyuta yenye Windows XP ya mwaka 2001, tayari imo. Hukuhitaji kuitafuta.

Mwaka 2007 ilikuja Windows Vista, na Outlook Express ikabadilishwa ikawa Windows Mail. Mwaka 2009 ikaja Windows 7, nayo haikuwa na programu ya barua kabisa. Ulitakiwa kuipakua mwenyewe, ikiitwa Windows Live Mail. Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, mkonga wa baharini wa SEACOM ulianza kazi hadi Dar es Salaam. Intaneti ikawa nafuu kuliko zamani, watu wakahamia kusoma barua kwenye kivinjari, kisha kwenye simu. Programu za zamani zikasahaulika.

Waliozitengeneza nao wakaziacha. Kazi ya Eudora ilisimamishwa mwaka 2006. Windows XP iliacha kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, Live Mail tarehe 10 Januari 2017, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Programu iliyoachwa haifi siku hiyo. Inabaki palepale inafanya kazi mpaka kompyuta iharibike, na siku hiyo ndipo mwenyewe anagundua kwamba ya badala haipatikani dukani.

Somo la muhogo wa Amani

Sisi wa Amani tusingepaswa kushangazwa na habari hii. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikawa chini ya Waingereza. Miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza hapa kazi ya kutafuta muhogo unaostahimili batobato. Storey ndiye aliyeandika mwaka 1936 kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mpaka leo tunahangaika nao. Walichanganya muhogo wa kawaida na jamaa yake wa porini, mpira wa Ceará, wakarudia kuuchanganya na muhogo kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata mizizi inayolika yenye kinga. D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo hadi mwaka 1957, ikasimama.

Kama kila kitu kingebaki hapa mlimani, huenda kazi ya miaka ishirini ingepotea. Lakini mbegu zilikuwa zimepelekwa nchi nyingine, Nigeria ikiwamo. Huko Ibadan ilichaguliwa mimea kutoka kwenye mbegu hizo, na kituo cha kimataifa cha IITA kiliitumia kuzalisha aina zake za muhogo kuanzia miaka ya 1970. Batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda miaka ya 1990, baadhi ya aina zilizopelekwa kuokoa wakulima zilikuwa za ukoo huo. Kinga iliyotafutwa Amani ilirudi Afrika Mashariki kwa sababu nakala ilikuwa imewekwa mahali pengine mapema.

Kompyuta nayo ni hivyohivyo. Nakala ya barua zako iondoke kwenye mashine hiyo ingali inawaka.

Kufufua ili usome

Watu wengi wakipeleka kompyuta kwa fundi husema, "Nirudishie programu yangu kama zamani." Kurudisha kunawezekana, lakini usitegemee kuitumia tena kutuma na kupokea. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzikatalia programu zinazoingia kwenye Gmail kwa jina na nenosiri la kawaida tu, na nyinginezo zimefuata. Tena seva za leo zinadai ufungaji wa siri mpya ambao programu za zamani haziujui. Ukiona inakataa nenosiri lako sahihi, usilibadilishe mara kumi. Kosa si lako. Lengo liwe moja: kufungua barua za zamani, kuzitoa, basi.

Huu ndio utaratibu nilioufuata na fundi kwa kompyuta ya mfanyabiashara wetu:

1. Chomoa waya wa mtandao au modemu. Windows XP haina ulinzi wa leo, usiiingize kwenye intaneti.

2. Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili ya barua kwenye fleshi mbili. Outlook Express huhifadhi kila folda ya barua kwenye faili moja lenye mwisho wa .dbx. Kujua yalipo, fungua programu, nenda Tools, kisha Options, kisha Maintenance, ubonyeze Store Folder. Usipoyaona mafaili hayo kwa macho, mwambie fundi aonyeshe mafaili yaliyofichwa. Kama kompyuta haiwaki, fundi anaweza kutoa diski na kuiunganisha kwa waya kwenye kompyuta nyingine.

3. Programu ikikuuliza kama ipunguze nafasi ya barua, jibu hapana. Outlook Express huuliza hivyo baada ya kufungwa mara 100. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, barua zinaweza kupotea, na hali ya umeme wetu mnaijua. Faili la .dbx likikaribia GB 2 nalo huharibika, kwa hiyo usiongeze kitu ndani yake.

4. Kama alama ya programu imepotea kwenye XP, usidhani imefutwa. Tafuta faili la msimn.exe ndani ya folda ya Outlook Express. Mara nyingi bado lipo, ni njia ya kulifikia tu iliyoondolewa.

5. Ikisha kufunguka, tengeneza folda tupu mezani pa kompyuta, chagua barua zote, uziburute mpaka kwenye folda hiyo. Kila barua itakuwa faili lake lenye mwisho wa .eml. Hapo umeshavuka mto, kwa sababu .eml inafunguliwa na programu nyingi za leo, mojawapo Thunderbird, ambayo ni ya bure.

6. Wenye Windows Mail na Live Mail wana nafuu: barua zao zilihifadhiwa kama .eml tangu mwanzo. Nakili folda nzima. Kwenye Windows 7, mafaili ya Windows Mail yamo lakini yamezuiwa kufanya kazi. Mafundi huifufua kwa kuleta faili la msoe.dll kutoka Vista ya aina ileile, biti 32 kwa 32 au 64 kwa 64. Ni kazi ya fundi anayejua, na kama barua ni .eml tayari, huna haja nayo.

7. Barua muhimu chapisha stesheneri, uweke kwenye faili la karatasi. Fleshi moja ibaki kwako, ya pili kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Angalau mara moja kwa mwaka zijaribu kama zinafunguka.

Na kwa barua za sasa, tumia mpangilio wa IMAP badala ya POP3, ili barua zibaki kule kwenye seva hata simu ikianguka mtoni. Mapatano ya bei yaliyomo kwenye WhatsApp nayo yahamishe na kuyachapisha kila msimu. Simu inaibiwa upesi kuliko kompyuta ya mezani.

Ilivyokwisha

Tulitumia siku mbili. Barua zilitoka zaidi ya elfu moja. Tulitafuta za mwaka ule wa magunia manne, tukazipata. Barua ya kwanza ya mnunuzi ilisema magunia matatu yamepokelewa, la nne limekataliwa kwa unyevu. Ndivyo mfanyabiashara alivyokumbuka, na ndiyo maana alimlipa mzee kwa magunia matatu akaona deni limekwisha. Lakini ilikuwepo barua ya pili, ya miezi miwili baadaye, kwamba gunia hilo limekaushwa na kupokelewa, na pesa yake imeingizwa pamoja na malipo ya mzigo uliofuata.

Alisoma mara mbili. Akasema, "Bwana shamba, kumbe deni ni langu." Wiki hiyohiyo alikwenda kwa watoto wa marehemu na barua zote mbili zilizochapishwa, wakakaa na mwenyekiti wa kitongoji, wakapatana bei. Kiasi gani, ni siri yao.

Angeweza kuiacha kompyuta ife na neno lake likabaki juu. Badala yake aliibeba kwa bodaboda mpaka kwangu. Kama nawe una mashine ya namna hiyo chini ya meza, iwashe wiki hii kabla ya masika. Unyevu wa huku kwetu hauharibu iliki peke yake.