Safu ya Lugha: Steringi

Kwenye vibanda umiza, Kariakoo au Migato kule Itilima, mhusika mkuu wa filamu ni steringi. Yaelekea cheo hicho kimetoka kwenye Kiingereza cha mabango, kile kinachotangulia majina ya waigizaji. Steringi hafi. Akifa mapema, mtoto anadai kiingilio chake.

Tekken, gemu ya ngumi iliyoanza kutoka 1994, inalivuruga neno: steringi ni yeyote aliyechaguliwa na mwenye pedi. Leo Eddy, kesho King. Netflix ilipoifanya katuni ya Kijapani mwaka 2022, cheo kilikwenda kwa Jin Kazama. Ningekuwa mimi, kila sehemu ingekuwa na steringi wake, na yangu ingeanza na Eddy. Swali ni wingi wa neno hilo: masteringi?