Hakimiliki ya Muziki: Kutoka Stika ya Kaseti hadi Mtandaoni

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilitungwa wakati muziki nchini Tanzania ukiuzwa kwa kaseti. Mwaka huohuo ilianzishwa nchini Marekani programu ya Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo kwenye intaneti bila malipo. Huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2001 kufuatia amri ya mahakama. Mazoea yake yalibaki.

Kanuni za mwaka 2006 zilielekeza nakala zibandikwe stika ya HAKIGRAM. Hata hivyo, wimbo unaosikilizwa mtandaoni hauna jalada la kubandikwa stika. Mapato yake hutegemea idadi ya usikilizaji, nayo hugusa haki mbili tofauti: hakimiliki ya mtunzi, na hakishiriki ya waimbaji na mtayarishaji wa rekodi.

Kisheria, ulinzi huanza kazi inapobuniwa, na haki za kiuchumi za mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Malipo ya mtandaoni, kwa upande wake, humfuata aliyetajwa katika taarifa zinazoambatana na wimbo. Mtunzi aliyeachwa humo huweza kuusikia wimbo wake kila kona asipate mirabaha, na akidai huulizwa ushahidi. Usajili wa kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humpatia kumbukumbu hiyo.