Mgeni Asipokuja: Haki katika Utalii wa Kanda ya Ziwa

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alingoja kivuko pale Kigongo, na katika kungoja alinunua samaki, matunda au kikombe cha chai. Baadhi ya wasafiri hao walikuwa watalii waendao kisiwa cha Rubondo. Hivyo mchuuzi wa Kigongo alikuwa na fungu lake dogo katika utalii, ingawa halikuandikwa katika mkataba wowote. Twauliza: dunia itikisikapo, fungu hilo hulindwa na nani?

Historia yatupa mifano miwili. Tarehe 4 Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kabla ya hapo watalii wengi wa Serengeti walipitia Nairobi. Makampuni ya huko yaliweza kuwaelekeza wageni Maasai Mara. Bali mtumishi wa hoteli upande wetu hakuwa na mgeni mwingine wa kumngojea. Rubondo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka uo huo, wageni walipoadimika.

Mfano wa pili ni UVIKO-19. Watalii waliofika nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019; mwaka 2020 walikuwa 620,867. Msiba ulikuwa wa wote, lakini hasara haikugawanywa sawa. Mwenye akiba alisubiri. Kibarua, mpagazi na mchuuzi, waishio kwa pato la siku, hawakuweza.

Wengine husema kwamba wageni wakirudi wote watanufaika. Kweli, mwaka 2023 walifika 1,808,205. Lakini aliyeuza mtumbwi wake wakati wa njaa harudishiwi mtumbwi kwa sababu hoteli imejaa.

Hata neema yaweza kumsahau mdogo. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Twashukuru, maana mgonjwa hangoji tena kivuko. Lakini msafiri naye hana tena sababu ya kusimama kwa mchuuzi.

Sheria ya masazo katika Walawi 19 yatufundisha jambo hapa. Fungu la maskini na mgeni liliachwa shambani wakati wa mavuno, si baada ya njaa kuingia. Vivyo hivyo, haki katika utalii hupangwa katika miaka ya shibe: mikataba ya vibarua, akiba ya pamoja, na nafasi ya soko penye njia mpya. Nalo Kanisa, lenye hosteli na nyumba za wageni, halina budi kuanza na watumishi wake lenyewe, kabla ya kuwahubiria wengine.