Punguza: Neno Lenye Historia Ndefu Ukambani

Ukambani, miaka ilikuwa na majina kabla haijawa na namba, na mengi ya majina hayo ni ya njaa. Ngomanisye ni ile njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, iliyoenea kila mahali. Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, ni ya 1961, wakati chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Halafu kuna ya 1984, Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Pesa iko mkononi, duka liko wazi, na ndani hakuna unga.

Najua kuanza makala ya kupunguza uzito kwa hadithi za njaa ni kama kufungua harusi kwa matanga. Lakini ngoja kwanza. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Kitui au Makueni akiambiwa "punguza" anakaza shingo, huwezi kuziruka hizo njaa. Ziko ndani ya sahani, na ziko kwenye salamu pia. Shuka basi pale Wote ukitoka Nairobi na mashavu yamejaa, utaambiwa mji umekukubali. Shuka umekonda, watu watauliza kwa sauti ya chini kama unaumwa ama kazi iliisha.

Kwa vizazi kadhaa hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Mvua ikikosa misimu miwili, mwenye nyama mwilini alikuwa na muda zaidi wa kungoja ya tatu. Kunenepa kulikuwa akiba, na akiba ni heshima.

Shida ni kwamba hesabu imebadilika na salamu haijabadilika. Mwaka wa 2015 serikali ilifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, na ikapata kwamba watu wazima 27 kwa kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake ilikuwa karibu 39 kwa kila 100, kwa wanaume kama 18. Sasa weka hiyo kando ya hii: utafiti mwingine wa kitaifa, wa 2014, ulionyesha kwamba Kitui watoto 46 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Wastani wa nchi ulikuwa 26. Yaani kijiji kimoja kinaweza kuwa na mtoto aliyedumaa kwa kukosa lishe na shangazi yake anayemeza dawa za presha, na wote wawili wamekula ugali wa sufuria moja.

Hata sayansi inasema njaa haiishi siku mvua inaponyesha. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Miaka mingi baadaye watafiti waliwafuatilia watu waliokuwa tumboni wakati huo. Wale ambao mama zao walishinda njaa miezi ya kwanza ya mimba walionekana kunenepa zaidi ya wenzao walipokuwa vijana. Sisemi Kitui ni Uholanzi. Nasema mtu anayemcheka mama mwenye mwili mkubwa kwamba ni "ulafi" hajasoma historia hata kidogo.

Mamangu alikuwa na miaka 12 wakati wa Nikw'a Ngwete. Alipanga foleni na susu wangu kungoja mwolyo, chakula cha msaada, na hadi leo hawezi kuona sahani inarudi jikoni na kitu. Atakimaliza yeye, hata kama ameshiba. Mwaka jana presha yake ilipanda, na kilo zilikuwa 91. Sista wa kliniki, mwanamke mpole kabisa, akamwambia, "Mama, itabidi upunguze."

Tulipofika nyumbani mamangu aliweka kadi mezani akaniuliza, "Mwanangu, nipunguze nini? Mimi nilipunguziwa na Mungu 1984."

Sikuwa na jibu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo ninachokijua nimekijua kwa vitabu vya kuazima. Kwa hivyo nilirudi kwenye vitabu, na huko nikakuta kwamba Wakamba wamewahi kuambiwa "punguza" mbele ya mtutu wa bunduki.

Ilikuwa 1938. Wilaya ya Machakos ya wakati huo ilikuwa kubwa, Makueni ikiwa ndani yake. Serikali ya kikoloni iliona udongo unamomonyoka, ikaamua chanzo ni ng'ombe wengi kupita kiasi. Ilikuwa kweli kwamba ardhi imechoka. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi ya wenyeji huku ardhi nzuri ikipewa walowezi, na hilo halikuwa kwenye amri. Amri ilisema tu: punguzeni. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari Athi River kuwapokea.

Kwa Mkamba, ng'ombe hawakuwa nyama. Walikuwa benki, mahari, na bima ya njaa ijayo. Basi kina baba, kina mama na watoto, maelfu yao, wakatembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Leo kuna barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi, na nusu ya watu wanaopita hapo wakielekea Soko la City hawajui kwamba ni ya mtu aliyekataa kupunguziwa.

Soma hiyo hadithi tena ukiwa na mpango wa kupunguza uzito mkononi. Mtaalamu ameona tatizo la kweli, na tarakimu zake ni sahihi. Lakini anakuja kuondoa akiba ya mtu bila kuuliza inamlinda na nini, na hampi kitu cha kuweka mahali pake. Ndivyo ilivyo mipango mingi ya kwenye simu zetu: siku 14 bila wanga, wiki ya maji ya ndimu, usile kitu baada ya saa kumi na mbili. Ni amri ya 1938 ndani ya skrini. Mwili unafanya kile watu wa Machakos walifanya. Unaandamana.

Hadithi haikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo ninayoipenda. Baada ya Vita vya Pili serikali ilileta amri nyingine, kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Watu walichimba wakinuna. Matuta mengi yalikuwa membamba, ya kukarabatiwa kila mara, na uhuru ulipofika 1963 wengi waliyaacha, maana yalinuka ukoloni. Lakini kando ya amri kulikuwa na kitu cha zamani zaidi: mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo shambani kwako, kesho kwangu. Kuanzia miaka ya 1950 mwethya zikaanza kuachiwa kuchagua viongozi wao na kazi yao. Wakulima nao wakapenda aina moja ya tuta kuliko nyingine: unachimba mtaro kwa kukingama mteremko, na udongo unautupa upande wa juu. Ndiyo sababu likaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya kilimo duniani kote.

Fanya juu haiwi ngazi siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni shimo na rundo la udongo tu. Mvua ikija, udongo unaoshuka unakwama kwenye rundo. Msimu mwingine unaongezeka. Baada ya miaka shamba lenyewe limekuwa tambarare. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ile kubwa, wakionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Kazi kubwa ya jembe ilifanywa na wanawake, katika mwethya. Nenda Mbooni au Kilungu leo, milima imepangwa kama vidato. Kitui nako, tangu miaka ya 1990, vikundi vya vijiji vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu, na hayo pia hujaa mchanga na maji polepole, mvua baada ya mvua.

Kwa hivyo nilipomrudia mamangu sikumpelekea orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Tuliongea kwanza kuhusu nini kilibadilika. Maana chakula cha susu hakikuwa kidogo, na hakuna aliyekuwa akihesabu kitu.

Kitu cha kwanza ni miguu. Kivoi, yule mfanyabiashara wa Kitui ambaye mmishenari Krapf alikuwa mgeni wake mwaka wa 1849 alipouona Mlima Kenya, aliongoza misafara ya pembe hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300, kwa miguu. Susu hakufika Mombasa, lakini maji yalikuwa mbali na soko lilikuwa mbali zaidi. Sasa, tangu bodaboda zijae mwishoni mwa miaka ya 2000, hata dukani tunabebwa.

Cha pili ni mikono. Muthokoi ni mahindi yaliyotolewa maganda, yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Zamani kabla ya kuula uliutwanga kwenye kinu hadi jasho likutoke. Siku hizi tunaununua kwa kilo ukiwa tayari. Chakula ni kilekile, ila kazi yake imefutwa.

Cha tatu ni sahani yenyewe. Mtama, mawele na wimbi vilisukumwa pembeni na mahindi wakati wa ukoloni. Kisha ukaja unga mweupe wa pakiti, mafuta ya kupimiwa, chai ya sukari vijiko vitatu na mandazi mbili saa nne. Ule utafiti wa 2015 ulipata kwamba watu 94 kwa kila 100 hawafikishi vipimo 5 vya matunda na mboga kwa siku. Na hapa Makueni maembe huoza chini ya miti kila msimu!

Tulipofika hapo mamangu akasema mwenyewe, "Kumbe si chakula cha nyumbani kilichoniharibu."

Basi kazi ikawa kuongeza kabla ya kupunguza. Kwenye sahani, nusu iwe mboga, kunde na sukumawiki, robo iwe ugali, robo iwe ndengu, mbaazi ama kipande cha nyama. Isyo yenye maganda yake irudi mara mbili kwa wiki. Sukari kwenye chai ishuke kijiko kimoja, ikizoeleka ishuke kingine. Na kile kinachobaki sufuriani kiwekwe kwa kesho badala ya kumalizwa usiku, maana kukihifadhi si kukitupa. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, na bado ni gumu.

Kutembea ndiko kulikookoa mambo, kwa sababu hakuwa peke yake. Chama chake kina wanawake saba. Aliwaambia, wakakubali: siku tano kwa wiki, nusu saa asubuhi. Jumla ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawapendekezea watu wazima. Hawakulipia jimu. Asiyetokea anafuatwa mlangoni na wengine sita, na kwa mama wa Kikamba hiyo aibu ni kubwa kuliko faini.

Miezi minne baadaye alikuwa kilo 86. Kilo tano zinaonekana ndogo ukilinganisha na zile picha za "kabla na baada". Lakini madaktari husema hata kupungua kwa asilimia 5 ya uzito kunaweza kusaidia presha na sukari, na yake ilishuka. Dawa bado anameza, na hilo ni la daktari kuamua, si langu wala la mtu wa intaneti. Kama wewe au mzazi wako mnatumia dawa za sukari, msianze kuruka milo kabla hamjaongea na kliniki.

Wewe unayesoma hii ukiwa Syokimau au Kitui mjini, na umeamua kuanza Jumatatu, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujajipa amri, jiulize hicho unachotaka kuondoa kilikuwa kinakulinda na nini: njaa, upweke, uchovu wa kazi, ama tu heshima ya kuonekana umefanikiwa. Kisha tafuta watu wawili watatu wa mwethya yako, na chimba mtaro mdogo ambao mvua ya kwanza haitaubomoa.

Susu bado anasema mamangu amekonda sana, na kila tukienda anamwekea sahani imejaa pomoni. Mamangu anaipokea kwa mikono miwili, anakula nusu, na nusu anaomba afungiwe aende nayo nyumbani. Susu anafurahi. Mtu anayebeba chakula kwenda nacho hawezi kuwa na njaa.