Leseni ya Silaha na Haki ya Kujilinda: Mambo ya Kufahamu kwa Wamiliki wa Bukoba na Muleba

Mfanyabiashara wa Bukoba au Muleba anapoomba leseni ya kumiliki bastola au shotgani, sababu anayoiandika kwa kawaida ni kulinda maisha na mali yake. Sababu hiyo inakubalika. Hata hivyo, leseni ya silaha na haki ya kujilinda ni mambo mawili yanayotawaliwa na sheria mbili tofauti. Sheria ya kwanza mmiliki huifahamu kwa kuwa ameipitia wakati wa kuomba. Ya pili ni rahisi kukutana nayo kwa mara ya kwanza akiwa kituo cha polisi anatoa maelezo, na silaha yake ikiwa imechukuliwa kuwa kielelezo.

Umiliki husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, Sura ya 223. Chini ya sheria hiyo, usajili wa silaha za kiraia uko kwa Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi, na safari ya maombi ni ndefu kwa makusudi. Mwombaji wa Kamachumu au Nshamba huanzia kijijini kwake, ambako watu wanaomfahamu hujadili mwenendo wake. Kisha maombi hupanda katika kata, wilaya na mkoa kupitia kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika kwa Msajili. Hutazamwa kama ana akili timamu, kama amewahi kupatikana na hatia ya jinai, na kama amefunzwa kutumia silaha kwa usalama.

Wapo wanaoiona hatua ya kijijini kama urasimu. Ukweli ni kwamba hatua hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Fomu haiwezi kueleza kwamba mwombaji ana ugomvi wa mpaka wa kibanja na nduguye, au kwamba akilewa humtishia mkewe. Jirani anaweza.

Leseni ikishatolewa, humhusu mtu mmoja na silaha moja iliyotajwa ndani yake. Mmiliki hana ruhusa ya kumwazima shemeji anayesafiri na fedha, wala kumkabidhi mlinzi wa duka asiye na kibali. Anapaswa kuitunza mahali palipofungwa, kuhuisha leseni kwa wakati, kuiwasilisha inapohitajika kuhakikiwa, na kutoa taarifa polisi pasipo kuchelewa inapopotea au kuibwa. Katika uhakiki wa nchi nzima wa mwaka 2016, Rais wa wakati huo, Dkt. John Magufuli, naye alihakikiwa silaha zake kama raia wengine.

Kufyatua ni suala jingine

Hakuna kifungu katika sheria ya silaha kinachosema kuwa mwenye leseni anaweza kumpiga mtu risasi. Haki ya kujilinda imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C, na ni haki ya kila mtu, awe ameshika bastola, panga au mchi. Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujilinda na kumlinda mwingine dhidi ya shambulio lisilo halali, na haki ya kulinda mali yake au mali iliyo chini ya uangalizi wake. Kifungu cha 18B ndicho kinachoweka mipaka: nguvu itakayotumika iwe ya kiasi na ya lazima kwa ulinzi huo. Atakayezidisha atawajibika kwa kosa litakalotokana na nguvu hiyo, na iwapo nguvu iliyozidi itasababisha kifo, kosa litakuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha.

Kifungu cha 18C kinaeleza mazingira ambamo haki ya kujilinda inaweza kufika hadi kusababisha kifo au madhara makubwa ya mwili. Miongoni mwake ni shambulio linalomtia mtu hofu ya msingi ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya, ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto. Lakini kifungu hicho hakiishii kwenye orodha. Kinataka pia kwamba aliyetenda awe ametenda kwa nia njema, na awe aliamini kwa dhati, kwa sababu za msingi, kwamba tendo lake lilikuwa la lazima. Maneno hayo, sababu za msingi, ndiyo yanayoshindaniwa mahakamani.

Chukua mfano wa nyumba iliyovunjwa mlango saa nane usiku. Watu watatu wenye mapanga wameingia sebuleni na mmoja anamwendea mwenye nyumba. Akifyatua risasi hapo, mazingira yake yanafanana na yale ambayo kifungu cha 18C kimeyataja, na mahakama hutambua kuwa mtu aliyekurupushwa usingizini hana nafasi ya kupima kila tendo kwa mizani. Sasa badili jambo moja tu. Majirani wamepiga yowe, wavamizi wameangusha begi la fedha na wanakimbia kupitia migombani. Nyumba ni ileile, watu ni walewale, na pengine haijapita hata dakika moja. Lakini hatari imeondoka, na risasi inayomkuta mtu mgongoni akikimbia ni vigumu sana kuielezea kuwa ya kujilinda. Vivyo hivyo kwa kijana asiye na silaha aliyekutwa akichuma kahawa ya mwingine mchana kweupe. Huyo ni wa kukamatwa na kupelekwa kituoni. Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuishi, na haimwondoi mwizi.

Nchi nyingine zimepitia mashauri yaliyogusa hoja hizohizo. Usiku wa Agosti 20, 1999, mkulima Tony Martin wa Norfolk, Uingereza, aliwafyatulia wezi wawili waliovunja nyumba yake kwa shotgani aliyoimiliki bila kibali. Mmoja wao, kijana wa miaka 16, alifariki dunia kwa jeraha la mgongoni. Martin alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2000. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ililigeuza kosa kuwa kuua bila kukusudia, lakini kwa sababu ya hali yake ya akili. Hoja ya kujilinda haikukubaliwa.

Shauri la Oscar Pistorius wa Afrika Kusini lina funzo jingine. Februari 14, 2013, mwanariadha huyo, aliyekuwa na leseni ya bastola yake, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akieleza baadaye kwamba alidhani kuna mvamizi ndani. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ilimtia hatiani kwa mauaji. Kwa mwenye nyumba wa Bukoba, tafsiri yake ni nyepesi: anayegonga usiku anaweza kuwa mwanawe aliyechelewa, jirani aliyeuguliwa, au mgambo wa doria. Kufyatua kuelekea mahali usipopaona ni kumfyatulia mtu usiyemjua.

Silaha inapokuwa ndiyo inayotafutwa

Wapo wanaoamini kwamba mwenye bastola huogopwa na wahalifu. Wakati mwingine ndivyo. Lakini bunduki pia ni mali inayowindwa, na matukio mawili yaliyotikisa nchi yanalithibitisha hilo. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe katika mkoa jirani wa Geita, kilivamiwa, askari wawili wakauawa na silaha zikaporwa. Julai 2015 yakatokea kama hayo kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, ambako watu saba waliuawa, wakiwamo askari wanne. Ikiwa kituo chenye askari kilivamiwa kwa ajili ya bunduki, mfanyabiashara anayeionesha bastola yake baa, au anayeifunga kiunoni nje ya shati siku ya mnada, anajitangaza kwa watu ambao si wote wanamtakia mema.

Jambo jingine ni muda. Mwenye duka anayefunga hesabu saa mbili usiku, au wakala wa huduma za fedha kwa simu anayerejea nyumbani na mkoba, akivamiwa kwa kushtukizwa hana nafasi ya kufungua sefu. Akiiacha silaha chini ya mto au ndani ya droo ili iwe karibu, amevunja wajibu wa kuitunza na kuiweka mikononi mwa watoto. Mvutano huo hauna jawabu jepesi. Ndiyo maana kinachopunguza hatari hasa ni mambo yasiyohitaji risasi: kupeleka fedha benki mchana, kubadili njia na saa za kurudi, kuweka taa nje ya nyumba, kuwa na namba ya mkuu wa kituo na ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na kushiriki katika ulinzi shirikishi.

Visiwani hali ni ngumu zaidi. Goziba, Bumbile, Ikuza, Kerebe na Mazinga, vyote vya Wilaya ya Muleba, vina makambi ya uvuvi yenye mzunguko mkubwa wa fedha, na injini za mitumbwi na nyavu huvutia waporaji wa majini. Msaada unapaswa kuvuka maji kabla ya kufika. Pamoja na hayo, sheria haina kiwango cha pekee kwa visiwa: umbali wa polisi ni moja ya mazingira ambayo mahakama inaweza kuyaangalia, wala hauhalalishi kumfuata mtu ziwani baada ya tukio na kumfyatulia.

Baada ya risasi

Mmiliki aliyefyatua risasi na kumjeruhi mtu ana kazi tatu kabla ya jua kuchomoza. Kwanza ni kuacha mara hatari inapokoma. Pili ni kumwokoa aliyejeruhiwa, hata kama alikuja kuiba. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, Hospitali ya Rubya kwa walio Muleba, au kituo cha afya kilicho karibu, na polisi watoe fomu ya PF3 kwa matibabu. Hapo ndipo hatari ya pili hujitokeza. Umati ukikusanyika na kuanza kumpiga mtu aliyelala chini, kinachofuata ni mauaji, na mwenye nyumba aliyesimama akishangilia anaweza kuunganishwa na washtakiwa. Tatu ni kutoa taarifa polisi mwenyewe na kuliacha eneo kama lilivyo. Maganda ya risasi, panga lililoanguka, kitasa kilichovunjwa na matone ya damu ndivyo vitakavyoonesha nani alikuwa wapi. Anayefagia sebule kabla ya wapelelezi kufika anaweza kuwa amefagia utetezi wake.

Silaha itachukuliwa kwa uchunguzi na maelezo yataandikwa. Kifo kikitokea, Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye mwenye uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki, na kwa shtaka gani. Tofauti hiyo si ndogo kwa familia: shtaka la mauaji halina dhamana, la kuua bila kukusudia lina dhamana. Shauri likifika Mahakama Kuu, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Hata hivyo mshtakiwa wa mauaji huusubiri uamuzi huo akiwa mahabusu.

Silaha zisizo na leseni

Maelezo yote hayo yanamhusu mwenye leseni. Kagera, hata hivyo, ina historia ya silaha zisizoandikwa popote. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na vita iliyofuata iliendelea hadi mwaka 1979. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 waliokimbia mauaji ya kimbari nchini Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24 hivi, na miaka iliyofuata misitu ya Biharamulo ikawa na sifa mbaya ya utekaji wa magari. Julai 2013, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete alitoa wiki mbili kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha; Septemba ya mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa tena msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari.

Nje ya vipindi kama hivyo, kukutwa na silaha bila leseni huweza kushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, ambalo kifungo chake ni kuanzia miaka 20 hadi 30. Aliyejilinda kwa silaha hiyo anaweza kushinda shtaka la kuua na bado akafungwa kwa kuimiliki.

Wanaoangukia mtego huo si majambazi peke yao. Yapo magobole ya babu yaliyochomekwa darini, na zipo bastola za marehemu zilizobaki kabatini baada ya matanga. Leseni ni ya mtu na huisha naye. Hairithiwi pamoja na kibanja na ng'ombe. Familia inapaswa kuipeleka silaha hiyo kituo cha polisi pamoja na nyaraka zake na kupewa hati ya mapokezi. Mrithi anayeitaka huanza maombi upya, kijijini, kama mwombaji mwingine yeyote.